Wakristo wa kwanza walijuaje kama mgeni ni ndugu wa kweli?

"Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mama, mzee wa kanisa katika usharika mdogo wa kijijini, na Alhamisi ninaongoza kikundi cha kujifunza Biblia. Miezi mitatu iliyopita alitufikia mgeni aliyejiita mwinjilisti. Alikuwa na barua yenye mhuri, inayosema anakusanya mchango wa kituo cha yatima. Alilala kwa mmoja wetu siku tisa, tukamchangia, akaondoka. Simu yake haipatikani tena. Tangu hapo kikundi kimegawanyika. Kijana mmoja msomi anasema tulikosea kujali barua za watu wa mbali, maana makanisa ya kwanza yalijitegemea kabisa na hayakuwa na habari na mengine. Mzee mwenzangu anasema la, tangu siku za mitume kila kitu kilitoka Roma. Wengine wanataka tusipokee mgeni yeyote tena. Naomba unieleze: makanisa yale yaliunganishwaje, bila simu wala gari? Na walimjuaje ndugu wa kweli? Naona aibu sana, kwa kuwa mimi ndiye niliyeisoma ile barua mbele ya watu."

Amina, mama, na pole sana. Nianze na hiyo aibu, maana naona inakuuma kuliko fedha zenyewe. Yaliyowapata ninyi yaliwapata Wakristo wa karne ya 2, na habari zake tunazipata kwa mtu ambaye hakuwapenda. Lucian wa Samosata, mwandishi mpagani mwenye kipaji cha kudhihaki, alisimulia habari za Peregrinus, mtu aliyejiunga na Wakristo wa Palestina na kwa muda mfupi akawa kiongozi wao. Alipotiwa gerezani, wajane na yatima walikuwa mlangoni tangu alfajiri, vyakula vikaingizwa, na Wakristo wa miji ya Asia wakatuma watu, kwa gharama ya mfuko wa pamoja, waje kumsaidia na kumfariji. Peregrinus akavuna fedha nyingi kwa jina la kifungo chake. Lucian anasema mjanja yeyote akiingia kwa watu hawa atatajirika upesi.

Hata hivyo, angalia alilolishuhudia Lucian bila kukusudia. Mtu amefungwa upande wa Palestina, na makanisa ya Asia, yaani magharibi ya Uturuki ya leo, tayari yana habari zake na wajumbe wao wako njiani. Hapo hoja ya kijana wenu imeanza kuyumba.

Ana haki katika jambo moja. Kwa vizazi vya mwanzo hapakuwa na makao makuu, wala ofisi kuu, wala orodha ya waumini wa dunia nzima. Watu walikutana nyumbani kwa mwenzao mwenye nafasi kidogo, wakiwa na wazee wao, na mambo mengi yaliamuliwa na kumalizwa hapo hapo. Kosa lake ni kudhani kwamba pasipo makao makuu hapana mawasiliano. Zaidi ya nusu ya vitabu vya Agano Jipya ni nyaraka, na nyaraka ni barua. Kama kila kusanyiko lingekuwa kisiwa, Paulo angemwandikia nani?

Mzee mwenzako naye ana sehemu ya ukweli. Roma iliheshimiwa mapema, kwa kuwa ndiko walikouawa Petro na Paulo, na kwa ukarimu wa kanisa lake. Karibu na mwaka 96 Warumi waliwaandikia Wakorintho, ambao walikuwa wamewaondoa wazee wao madarakani. Tunaiita barua ya Klementi, lakini jina la Klementi halimo. Inaanza hivi: Kanisa la Mungu linalokaa ugenini Roma, kwa Kanisa la Mungu linalokaa ugenini Korintho. (Hilo neno la Kigiriki la kukaa ugenini ndilo lililotupatia neno "parokia", na kila ninapolisikia nakumbuka kwamba lilikuwa jina la watu wasio na kwao.) Barua inaonya kwa nguvu, lakini inasihi kwa hoja, kanisa kwa kanisa. Namna mamlaka ya askofu wa Roma yalivyokua baadaye, Wakatoliki, Waorthodoksi na Waprotestanti wanaisoma kila mmoja kwa jicho lake, na kikundi cha Alhamisi hakitaumaliza mjadala huo. Inatosha kusema kwamba barua za miaka 200 ya kwanza hazionyeshi kila kitu kikitoka mahali pamoja. Zinaonyesha nyuzi nyingi zinazopishana: Antiokia na Filipi, Lyon na Asia, Karthago (katika Tunisia ya leo) na Kapadokia (katika Uturuki ya leo).

Sasa niende kwenye swali lako lenyewe, waliunganishwaje. Dola ya Roma ilikuwa na matarishi, lakini walikuwa wa serikali. Mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuwatumia. Ukiwa na barua ulitafuta msafiri: mchuuzi, baharia, mtumwa aliyetumwa na bwana wake. Mwenda kwa miguu alimaliza kama kilomita 30 kwa siku. Bahari ya Mediteranea nayo ilikuwa na majira yake, kama vile majahazi ya mwambao wetu yalivyongoja kaskazi na kusi. Takriban kuanzia Novemba hadi Machi manahodha wengi hawakuthubutu kutoka bandarini. Ndiyo maana Paulo alikwama miezi mitatu kisiwani Melita, ndiyo Malta ya leo, na ndiyo maana anamsihi Timotheo ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi. Barua ilichukua majuma, pengine miezi, na jibu lake likangoja msimu mwingine.

Kwa sababu hiyo barua haikwenda peke yake. Ilikwenda na mtu, na huyo mtu alikuwa nusu ya barua. Naomba kikundi chenu kisome Warumi 16 polepole, ile sura ambayo wengi huiruka kwa kuwa imejaa majina. Mlangoni kabisa amesimama Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, bandari ya mashariki ya Korintho. Paulo anamkabidhi kwa Warumi, anaomba wampokee na wamsaidie katika neno lolote atakalohitaji. Wataalamu wengi wanaona, nami naona hivyo, kwamba yeye ndiye aliyeibeba. Barua nzito kuliko zote za Paulo, yenye maneno ya Kigiriki zaidi ya 7,000, ilivuka bahari mikononi mwa mwanamke huyu karibu na mwaka 57. Karibu na mwisho wa sura Tertio, aliyeiandika Paulo akimtamkia, anatia salamu yake mwenyewe. Tena kuna Priska na Akila, mke na mume mafundi wa mahema: walifukuzwa Roma na Kaisari Klaudio, tukawakuta Korintho, tukawakuta Efeso, na sasa wako Roma tena, na huko Efeso na Roma nyumba yao ilikuwa kanisa. Watu wa namna hiyo ndio waliokuwa mtandao wenyewe.

Aliyebeba barua hakuiacha mlangoni akaondoka. Wengi wa wasikilizaji hawakujua kusoma, kwa hiyo ilisomwa kwa sauti, na maswali yakimwelekea aliyeileta. Paulo anawaambia Wakolosai kwamba Tikiko atawaarifu mambo yake yote. Yaliyokuwa marefu mno au ya hatari kuandikwa yalisafiri kinywani. Ile barua ya Roma kwa Korintho ilipelekwa na watu watatu, Klaudio Efebo, Valerio Bito na Fortunato, na waandishi wanasema wamewachagua watu waaminifu walioishi kati yao bila lawama tangu ujana hadi uzee, wawe mashahidi baina ya makanisa mawili. Tafadhali lishike hilo, mama, kwa kuwa nitalirudia: kilichofanya barua iaminike ni maisha ya mtu aliyeshika karatasi, maisha yaliyoonwa na wengi kwa miaka mingi.

Baada ya kusomwa, barua ilinakiliwa. Paulo anaagiza waraka wa Kolosai usomwe Laodikia, na ule wa Laodikia usomwe Kolosai. Kizazi kimoja au viwili baadaye, Ignasio, askofu wa Antiokia, alipitishwa Asia akiwa amefungwa na askari, akipelekwa kuuawa Roma. Alipofika Smirna, makanisa ya Efeso, Magnesia na Trale yalikuwa yamekwisha kusikia na kutuma maaskofu na mashemasi wao kumlaki. Akaandika barua saba njiani. Kisha Wafilipi wakamwomba Polikarpo, askofu wa Smirna, nakala za barua hizo, naye akakusanya alizokuwa nazo akawapelekea. Hivyo ndivyo mikusanyo ya maandiko ilivyozaliwa, kwa watu kuombana nakala. Katika kitabu cha Mchungaji wa Herma, kilichoandikwa Roma karne ya 2, Herma anaambiwa aandike vitabu viwili vidogo: kimoja ampe Klementi, naye atakipeleka miji ya nje, maana hiyo ndiyo kazi yake, kingine ampe mama aitwaye Grapte, awafundishe wajane na yatima. Kwa hiyo kanisa la Roma lilikuwa na mtu ambaye kazi yake inayojulikana ilikuwa kuandikia makanisa mengine.

Kasi yake inashangaza. Ireneo wa Lyon, katika Ufaransa ya leo, aliandika kitabu chake dhidi ya mafundisho potofu karibu na mwaka 180. Kipande cha nakala yake kimechimbwa katika majalala ya kale ya Oxyrhynchus, mji wa bara la Misri, nacho kinakadiriwa kuwa cha mwaka 200 hivi. Katika miaka 20 tu kitabu kilikuwa kimevuka bahari na kupanda Mto Nile, kikinakiliwa kwa mkono.

Msafiri naye alihitaji mahali pa kulala. Nyumba za wageni za zama zile zilisifika kwa wizi, kunguni na ukahaba, na Mkristo alikwepa kulala humo akiweza. Paulo aliposhuka Puteoli, Italia, akiwa mfungwa, aliwakuta ndugu, akakaa kwao siku saba. Habari ikatangulia Roma, na ndugu wa mjini wakatoka kumlaki hadi Soko la Apio na Mikahawa Mitatu. Soko la Apio liko karibu kilomita 65 kutoka Roma. Hebu fikiria kumfuata mgeni kwa miguu umbali huo. Baadaye Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, aliutaja umoja wa makanisa kwa mambo matatu: kupeana amani, kuitana ndugu, na ile alama ya ukarimu, kwa mfano wa kibao ambacho watu wa kale walikigawa vipande viwili ili wenyeji na wageni watambuane kwa kuviunganisha.

Hapa tunafika kwako, mama. Kupokea wageni kulikuwa kwema, na kulivuta matapeli tangu mwanzo, kwa hiyo Wakristo waliweka taratibu. Kitabu kidogo kiitwacho Didake, yaani Mafundisho, ambacho wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2, kinasema kila ajaye kwa jina la Bwana apokewe, kisha apimwe. Mtume apitaye akae siku moja, na ya pili ikibidi. Akikaa tatu, ni wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala. Akiomba fedha, ni wa uongo. Msafiri wa kawaida akae siku mbili au tatu; akitaka kuhamia, afanye kazi apate riziki yake. Asiyetaka kufanya kazi, Didake inasema huyo anamfanyia Kristo uchuuzi.

Ninyi mlimlaza siku tisa. Hilo kijiji kizima kitaliona likisomwa, na sitalizidisha. Lakini kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonifanya nisikulaumu. Didake yenyewe iliacha mwanya: inasema nabii akiomba fedha kwa ajili ya wengine wenye shida, mtu asimhukumu. Mgeni wenu hakuomba kwa ajili yake. Aliomba kwa ajili ya yatima. Alipita katika uwazi ule ule ambao wenye kuandika taratibu wenyewe waliuacha wazi, kwa sababu moyo wa huruma haupendi kuuliza maswali mbele ya jina la yatima.

Uwazi huo ulizibwa na utaratibu wa fedha, ambao ni wa zamani kuliko Didake. Paulo alipokusanya mchango wa maskini wa Yerusalemu kutoka Makedonia na Akaya, hakusema leteni mnipe. Aliwaambia Wakorintho kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, kisha wale watakaowachagua wao wenyewe ndio atakaowatuma na barua wapeleke msaada ule. Katika 2 Wakorintho 8 anasema wazi kwa nini: anajiepusha na lawama juu ya fedha hizo. Matendo 20 inataja wenzake wa safari ile, watu saba kutoka Beroya, Thesalonike, Derbe na Asia pamoja na Timotheo, na wengi wetu tunaona kwamba hao ndio waliowakilisha makanisa yaliyochanga. Fikiria, mtume mwenyewe hakutaka kubeba kapu la sadaka peke yake.

Miaka 200 baadaye utaratibu ulikuwa hai. Karibu na mwaka 253 maaskofu wanane wa Numidia, magharibi ya Karthago, walimwandikia Sipriani, askofu wa Karthago, kwamba waumini wao wametekwa na makabila ya mpakani na wanadaiwa fidia. Karthago ikachanga sesterse 100,000, sarafu za Kirumi. Sipriani akazipeleka pamoja na orodha ya majina ya waliotoa, akaomba wakumbukwe katika sala. Waliopokea walijua zimetoka kwa nani, na waliotoa walijua zimefika wapi.

Na barua za kughushi? Zilikuwepo mapema ajabu. Katika 2 Wathesalonike kuna onyo juu ya waraka unaodaiwa kuwa wa mitume, na mwishoni Paulo anaweka salamu kwa mkono wake mwenyewe, akisema hiyo ndiyo alama yake katika kila waraka. Dionisio, askofu wa Korintho, karibu na mwaka 170, alilalamika kwamba barua zake zilikuwa zimepunguzwa na kuongezwa maneno na watu waovu. Lakini mfano ninaoupenda ni wa Sipriani tena. Mwaka 250, wakati wa mateso ya Kaisari Decius, alipata barua inayosemekana imetoka kwa mapadre wa Roma. Haikuonyesha wazi ni nani aliyeiandika wala inakwenda kwa nani. Mwandiko wake, maneno yake, na hata karatasi yenyewe vilimtia shaka kwamba kuna kilichoondolewa au kugeuzwa. Hakuichana, wala hakuitangaza kanisani. Aliirudisha Roma barua ile ile, akawaomba waitazame na kumwambia kama ndiyo waliyoiandika.

Msafiri wa kawaida alipewa barua fupi ya utambulisho, mtindo unaouona tayari katika Matendo 18, ndugu wa Efeso walipowaandikia wanafunzi wa Akaya wampokee Apolo. Karne ya 3 tunaye Sotas, askofu wa Oxyrhynchus, ambaye barua zake chache zimesalia hadi leo. Moja inasema kwa maneno machache mno: mpokee ndugu yetu Herakle kama ilivyo desturi. Ilitosha, kwa sababu aliyeandikiwa alimjua Sotas. Vyeti vya uhamisho ambavyo sharika zetu huandika mtu akihamia mji mwingine ni wajukuu wa barua hiyo, hata kama siku hizi tunavijaza kwa haraka na kuvisahau kwenye faili. Zamani hizo mpaka watu wa nje waliuona utaratibu huu: Kaisari Juliano, aliyetawala 361 hadi 363 akitaka kurudisha miungu ya kale, alitamani makuhani wake wauige. Mwandishi wa historia Sozomen anasema alichokistaajabia hasa ni barua ambazo maaskofu waliwapa wasafiri.

Nisikudanganye kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Walioungana hivi waligombana pia, na silaha ya ugomvi ilikuwa mlango ule ule. Katika 3 Yohana, Diotrefe anawakataa ndugu waliotumwa na kuwafukuza wanaotaka kuwapokea. Mwaka 256 maaskofu 87 walikutana Karthago juu ya ubatizo wa waliotoka katika makundi yaliyojitenga, na msimamo wao ukawagonganisha na Stefano, askofu wa Roma. Firmiliano wa Kaisaria ya Kapadokia, akimjibu Sipriani kwa uchungu, anasema wajumbe walipofika Roma walinyimwa si amani tu, bali hata paa la kulala. Kwa upande mwingine, miaka 100 kabla ya hapo Polikarpo, mzee sana, alisafiri kutoka Smirna hadi Roma wakajadiliana na askofu Aniceto juu ya siku ya Pasaka. Hakuna aliyemshawishi mwenzake. Aniceto akampa Polikarpo heshima ya kuongoza Meza ya Bwana katika kanisa lake, wakaachana kwa amani. Nikisoma habari hizo mbili pamoja huwa nafunga kitabu kwa muda.

Baadaye mikutano ya maaskofu ikawa ya kawaida. Nikea mwaka 325 iliagiza kila jimbo likutane mara mbili kwa mwaka. Na ili msione haya ni mambo ya Wazungu: nyuzi hizi zilishuka Afrika hadi karibu na kwetu. Frumensio aliwekwa wakfu na Atanasio, askofu wa Aleksandria huko Misri, kuwa askofu wa Aksum, Ethiopia, karne ya 4, na Ethiopia iliendelea kupata maaskofu wakuu kutoka Misri kwa vizazi na vizazi, hadi katikati ya karne ya 20; mwaka 1959 ikapata patriarki wake wa kwanza.

Turudi kijijini. Mnayo njia ya kufunga mlango kabisa. Naielewa, na mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini mtawafungia na wengine: binti aliyehamia kazini, mgonjwa anayekwenda hospitali ya mkoa, mwinjilisti wa kweli. Mnayo ya kuendelea kama mwanzo kwa jina la upendo, na mwingine atakuja, kwa kuwa habari za kijiji kinachochanga bila kuuliza husafiri. Mimi ningechagua kutenganisha mambo mawili ambayo mgeni wenu aliyachanganya. Chakula na kitanda kwa siku mbili tatu havihitaji barua. Kusimama mbele ya watu na kupitisha kapu kunahitaji, na barua hiyo ihakikiwe kwa namba mliyoipata ninyi wenyewe kupitia mchungaji au ofisi ya dayosisi, kamwe isiwe namba iliyoandikwa kwenye barua hiyo hiyo. Mhuri usiwatishe, unachongwa mjini kwa dakika chache. Na mchango ukishakusanywa, mwaminifu wa kweli hataudhika mkisema, "Tumewachagua wawili wetu, wataupeleka wenyewe kituoni na kurudi na risiti." Akikasirika, mmepata jibu.

Nyumba iliyomlaza mgeni siku tisa isisahaulike. Mara nyingi hao ndio wanaosemwa zaidi na kusaidiwa kidogo zaidi. Ningeomba wazee wawatembelee, na kama usharika una uwezo, uwafidie unga na mboga walizotumia.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyafanya. Mwambie mchungaji wako ana kwa ana, kama hujamwambia yote, pamoja na hiyo aibu; usiibebe Alhamisi hadi Alhamisi peke yako. Kwa fedha zilizokwenda, fungueni taarifa polisi mkiwa wawili au watatu, na ujumbe wa miamala ya simu kama mlimtumia kwa simu, bila kuifuta. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya anaweza kuwaambia kama kituo kilichotajwa kimesajiliwa. Msisambaze picha ya mtu huyo kwenye makundi ya simu kabla ya hapo, kwa kuwa huenda jina alilolitumia ni la mtu mwingine asiye na kosa, naye ataumia.

Ile barua uliyoisoma mbele ya watu msiichane. Toeni nakala mbaki nayo, kisha upeleke barua yenyewe, kama alivyofanya Sipriani, katika ofisi ambayo jina lake liko kwenye mhuri, uwaulize kama ndiyo waliyoiandika.